Nusu ya Gugumaji Ibaki

Nilisafiri kwa sababu ya wanyama ambao sikuwa nimewahi kuwaona. Mpwa wangu Mwende, binti ya kaka yangu, anasomea shahada ya pili, na wanyama anaowasomea ni wadogo kiasi kwamba ukichota kijiko cha maji ya mto unaweza kumeza ukoo mzima bila kuhisi chochote kooni. Swali lake ni rahisi kulitamka: gugumaji likishafunika mto, hawa wanyama wanakuwaje? Wanakufa, wanahama, au wanazoea? Alikuwa ameshachukua maji mara tatu katika vidimbwi viwili vya mto Athi vilivyofunikwa nalo, kimoja upande wa Kitui, mbele ya Ikutha, kingine ng'ambo, upande wa Makueni. Ilibaki mara ya nne, ya kiangazi. Msimamizi wake chuoni alikuwa amemwambia wazi kwamba bila hiyo tasnifu haitapokelewa mwaka huu.

Mwende alihitaji gari na dereva. Mimi nina gari, na kwa kuwa ninaishi kwa kuandika insha, nina muda mwingi kuliko watu wenye kazi.

Wiki moja kabla ya safari nilimpigia simu Mama Kasyoka, kiongozi wa kikundi cha wanawake kule Kitui, ambaye Mwende hulala kwake kila akienda. Nilitaka tu kuulizia mahali pa kulala. Lakini mwandishi akipewa simu na msikilizaji, mambo hayaishi hivyo. Nilimweleza kwamba gugumaji ni adui, linakaba mto, linaua viumbe, na kwamba binti yetu anakuja kulichunguza. Nakumbuka nilitumia neno "janga" mara mbili. Mama Kasyoka, ambaye huniita Mwalimu kwa sababu naandika, akasema, "Tumesikia, Mwalimu. Njooni tu." Nilikata simu nikijihisi mtu wa maana sana.

Saa kumi na moja alfajiri tulianza safari kutoka Matiliku. Tulipakia ndoo, beseni, masanduku mawili ya chupa, na wavu ambao nilidhani ni kofia. Ni wa kitambaa laini kama soksi ya bibi harusi, umbo lake koni, na nchani umefungwa kichupa. Ukiuvuta majini, maji yanapita na wanyama wanabaki kichupani. Hadubini Mwende aliibeba mapajani, imeviringishwa kwenye leso, na kila nilipopita shimo aliikumbatia na kunitazama.

"Anti, shimo hilo lilikuwa kubwa."

"Nililiona."

"Uliliona ukiwa ndani."

Kufikia Emali jua lilikuwa limetoka. Barabara ya Mombasa ilijaa malori, nami nikakaa nyuma ya moja lililobeba mbuzi waliotutazama hadi Makindu kama wajumbe wa bodi. Kibwezi tulikunywa chai kwenye hoteli ya familia moja kutoka Garissa. Mwenye hoteli aliuliza tunakwenda kutafuta nini mtoni. Mwende akamwambia. Yule mzee akafikiri, akaangalia glasi ya maji mezani, akaisukuma pembeni. "Ungeniambia nikishamaliza," akasema.

Baada ya Kibwezi tuliacha barabara kuu tukapita mashamba ya katani, kisha vichaka vya miiba, hadi daraja la Athi. Kidimbwi cha Makueni kiko karibu na hapo, lakini hatukusimama, kwa sababu vifaa vingine vya Mwende vilikuwa vimehifadhiwa kwa Mama Kasyoka na ndiko alikozoea kuanzia. Kutoka darajani tuliona gugumaji likishuka na maji, mafungu ya kijani yenye maua ya zambarau. Kusema kweli, ni maua mazuri. Nilijionea aibu kuyapenda.

Saa nne na nusu tulifika. Kabla sijazima injini nilisikia nyimbo. Wanawake kama ishirini walikuwa wamesimama kwa mistari miwili, na njia ya kwenda mtoni ilikuwa imefagiwa kama uwanja wa kanisa siku ya harusi. Mama Kasyoka, mrefu, mwenye kitambaa chekundu kichwani na sauti ya kuita ng'ombe, alimshika Mwende mkono.

"Njoo uone, mwanangu. Njoo uone mto wako."

Tulishuka. Kidimbwi kilikuwa kikimeta kwa maji matupu. Hakuna jani hata moja. Gugumaji lote lilikuwa kando, lundo refu kunishinda, limegeuka rangi ya tumbaku, na mbuzi wawili wakilinusa bila hamu.

"Siku nne," alisema Mama Kasyoka. "Tuliitisha mwethya. Wengine walipiga maji kwa fimbo mamba wasikaribie, wengine waling'oa, wengine walibeba. Tulisema haiwezekani mgeni aje kuangalia mto akute uchafu."

Mwethya, kwa msomaji asiyetoka kwetu, ni kazi ya pamoja: jirani akiwa na shamba la kulima au mtaro wa kuchimba, watu wanaitwa, wanakuja, na hakuna anayelipwa. Hapa walikuwa wameitana kwa ajili ya Mwende. Walikuwa wameng'oa utafiti wake kwa mikono yao, kwa upendo.

Nilimtazama. Alilitazama lundo, akamgeukia Mama Kasyoka. "Ni muvea, Mwaitu," akasema, akimshukuru kwa Kikamba na kumwita mama. "Asanteni sana. Mmefanya kazi kubwa." Makofi yakapigwa. Akarudi kwenye gari akisema amesahau kalamu, nami nikamfuata.

"Anti. Ni nani aliyewaambia gugumaji ni baya?"

Ningeweza kusema redio. Redio hulaumiwa kwa mengi. Nikamwambia ni mimi, na kwamba nilitumia neno janga. Mara ngapi? Mara mbili. Aliweka paji la uso juu ya mlango wa gari.

"Kidimbwi kimoja kimeenda," akasema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Kimebaki cha Makueni. Kikibaki hicho, labda nitajitetea."

Saa sita mchana tulifanya kazi hata hivyo, kwa sababu huwezi kukataa mto uliofagiwa kwa ajili yako. Mwende aliuvuta wavu mara tano, akamimina tone kwenye kioo, akaweka hadubini juu ya kiti ambacho wanawake walikuwa wamekitoa kanisani na kuelekeza kioo chake kidogo kwenye jua. Kisha akaniita. Nilifunga jicho lisilofaa, nikalifungua, nikafunga lingine. Niliona tope. Mwende akageuza kitu fulani kwa ncha ya kidole, na tope likawa na mkia.

Nina miaka hamsini na mitatu, nimesoma hadi chuo kikuu, na nilipiga kelele kama mtu aliyekanyaga chura. Mnyama yule alikuwa na jicho moja tu, jekundu, katikati ya uso, na pande mbili za mkia alibeba mifuko ya mayai kama mama anayetoka sokoni. Akaruka. Akatoka nje ya duara. Nikamtafuta, nikainua kichwa kuangalia pembeni ya hadubini kana kwamba ningemkuta ameanguka kitini.

"Ni huyo mmoja tu," alisema Mwende. "Kwa maji yasiyo na gugumaji kama haya wangekuwa wengi. Yametibuliwa juzi tu, yamejaa matope. Hayajatulia."

Kwenye kona ya kidimbwi, chini ya jiwe, wanawake walikuwa wamesahau shina moja la gugumaji ambalo bado lilikuwa kijani. Mwende aliling'oa taratibu, akaitikisa mizizi yake ndani ya beseni. Mizizi ile ni kama ndevu nyeusi. Tone la beseni lilipowekwa chini ya hadubini, alimwita Mama Kasyoka.

"Aiya!" Mama Kasyoka aliruka nyuma. "Kinatembea! Kina magurudumu kichwani!"

"Si magurudumu, Mwaitu, ni vinyweleo. Anavizungusha ili chakula kije mdomoni."

"Na wote hawa wako kwenye mizizi?"

"Hawa wadogo wa kujishikiza, ndiyo. Mizizi kwao ni nyumba. Samaki wakubwa hawawafikii."

Mama Kasyoka alitazama lundo la tumbaku kando ya mto, kisha akanitazama mimi. Nilianza kupanga chupa zilizokuwa zimeshapangwa.

"Mwalimu alisema linaua," akasema.

"Linaua pia," Mwende aliniokoa, au alijaribu. "Likifunika kote, jua haliingii. Mimea midogo ya majini inakosa mwanga, hewa inaisha chini, na wale wa kuogelea wenye jicho moja wanakosa chakula. Kwa hivyo wa mizizini wanajaa, wa katikati wanakwisha. Hilo ndilo nilitaka kuhesabu. Nani anabaki na nani anaondoka."

"Ungetuambia hivyo, tungekuachia nusu."

"Sikujua mtang'oa, Mwaitu."

"Basi harakisha," alisema Mama Kasyoka, akifunga kitambaa chake vizuri. "Watu wa Makueni wamesikia habari zetu. Wameitisha mwethya wao. Kesho asubuhi."

Chupa za Kitui zilitushika hadi giza, na saa kumi na mbili asubuhi iliyofuata tulikuwa barabarani. Simu ya Musyoki, mwenyekiti wa kikundi cha ng'ambo, ilikuwa imezimwa tangu jana yake. Mama Kasyoka alikaa kiti cha mbele bila kualikwa, kwa sababu, alisema, watu wa Makueni wanahitaji kuambiwa na mtu anayewajua. Mwende alikaa nyuma na hadubini yake, akinung'unika idadi za chupa. Niliendesha kwa kasi ambayo sijawahi kuitumia, na lazima nikiri kwamba nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Maisha yangu yote nimeandika kuhusu dharura nikiwa nimevaa sapatu.

Tulipovuka daraja na kuteremka kwenye kingo, tuliwakuta. Watu kama arobaini, reki, mapanga, kamba, magunia. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa na sufuria iko motoni. Kidimbwi bado kilikuwa kijani kutoka ukingo hadi ukingo, na vijana wawili walikuwa wamesimama ndani ya maji hadi magotini.

"Simameni!" Nilipaza sauti dirishani. Nilishuka, nikapanda juu ya jiwe, nikaanza hotuba. Nilizungumzia mizani ya uhai na utajiri usioonekana. Nilikuwa nimefika sehemu nzuri niliposikia mwanamke mmoja akimwuliza mwenzake, "Huyu anahubiri ama anauza kitu?"

Musyoki alikuja mbele. Ni mfugaji wa nyuki, mfupi, mwenye kofia ya kanisa na buti za mvua. "Shikamoo, Mwalimu. Shuka hapo, lina utelezi." Nilishuka. "Sasa. Mnataka tusubiri nini? Kitui wamemaliza lao. Mnataka watucheke kutoka ng'ambo?"

"Hata mkianza leo," alisema Mama Kasyoka, "mtamaliza Krismasi."

"Nyinyi mliokota kwa vidole. Sisi tuna kamba."

"Kamba ya kufungia asali?"

Watu wakacheka. Mwende alipita katikati yao, akaweka chini kiti kile cha kanisa, hadubini juu yake, akauvuta wavu mara moja kando ya vijana wale, akarudi na tone. "Mwenyekiti, tazama tu," akasema. "Halafu uamue."

Musyoki alivua kofia. Alitazama kwa muda mrefu mpaka sufuria ikaanza kufurika na mtu akakimbilia. Alipoinuka, aliwapungia wazee wa kikundi chake mmoja mmoja, na foleni ikatokea yenyewe. Mtu mmoja alirudi kutazama mara tatu akisema mara mbili za kwanza hakuwa tayari.

"Nimeona," alisema Musyoki. "Lakini nisikilize, binti yangu. Mwethya haurudishwi nyumbani. Watu wakishaitwa na wakaja, kazi inafanywa. Nikiwarudisha leo, siku nyingine nikiita kwa mazishi au mtaro, nani atakuja? Siwezi kusema tusifanye. Niambie tufanye kiasi gani."

Hapo ndipo niliona uso wa Mwende ukibadilika. Alikuwa ametazama chini kama mtu anayesubiri hukumu, kisha akainua macho taratibu, na yalikuwa yamewaka.

"Nusu," akasema.

"Nusu ipi?"

"Yoyote! Mnaweza kukata katikati?"

Musyoki alimtazama kana kwamba ameulizwa kama anaweza kula. Katika mwethya kila mtu hupewa kipande chake, na kipande hupimwa kwa kamba. Walikuwa wamegawa ardhi hivyo tangu wakiwa watoto. Kamba ilivutwa kutoka jiwe hadi mti ng'ambo ya kidimbwi, mitungi mitupu ya plastiki ikafungwa juu yake ielee, na wanawake watatu wakakaa chini kushona magunia yaninginie kutoka kwenye kamba hadi matopeni, ili maji na majani ya upande mmoja yasivuke ovyo kwenda mwingine.

Mwende alikuwa akikimbia. Alichukua maji upande wa kushoto, upande wa kulia, kwenye mizizi, chini ya mizizi, kabla reki ya kwanza haijaingia. "Anti, chupa! Andika! Anti, si hiyo!" Kila mara alinieleza kipande kimoja, akihema. Alikuwa anakuja kulinganisha tu vidimbwi vyenye gugumaji na maji ya wazi mahali pengine mtoni, na mkosoaji yeyote angeuliza kama tofauti ni ya gugumaji au ya mahali. Sasa alikuwa na kidimbwi kimoja, siku moja, nusu inasafishwa na nusu inabaki. Peke yake, na wavu wake, asingeweza kukifanya kitu kama hicho katika maisha yake.

"Lakini ile nusu isiguswe," alimwambia Musyoki mchana, tukila. "Wiki mbili. Mtu akitoa hata jani, sina kitu."

"Isiguswe," alisema Musyoki. Nyuma yake watu arobaini, wakiwa bado na nguvu mikononi, walikuwa wakilitazama lile gugumaji lililobaki kama watoto wanavyotazama keki ya mtu mwingine.

Safari ya kurudi Matiliku, Mwende aliongea hadi Emali bila kupumzika, kisha akalala akiwa ameshika sanduku la chupa. Jioni alimpigia msimamizi wake. Alisikiliza, akaitikia, akaniambia baadaye: amefurahi, lakini amesema kila kitu kinasimama kwenye ile nusu iliyobaki. Ikitolewa, au ng'ombe wakiingia, asubiri mwaka mwingine.

Zile wiki mbili zilinikondesha kuliko mlo wowote niliowahi kujaribu. Mimi ndiye niliyewafundisha watu wa mto ule kuchukia jani, na sasa niliomba kimoyomoyo wavumilie. Mwende alinikataza kumpigia simu mtu yeyote. Alichukua namba ya Mama Kasyoka akaifuta kwenye simu yangu mwenyewe, mbele yangu.

Siku ya kumi na tano tulirudi. Saa tatu asubuhi tuliteremka kwenye kingo, na Mwende alishuka gari likiwa bado linatembea. Kamba ilikuwepo. Mitungi ilikuwepo. Upande mmoja kidimbwi kilikuwa wazi, cha rangi ya chai ya rangi, na mwingine kijani kibichi, jani juu ya jani. Ukingo wote wa ile nusu ulikuwa umezungushiwa boma la miiba, na ndani yake mwanamke alikuwa ameketi akisuka kikapu.

"Tumepokezana zamu," Musyoki alisema. "Watu wa Kitui wamekuja mara mbili kututania kwamba tumechoka katikati. Tumenyamaza. Fanya haraka, binti yangu. Watu wamesikia unakuja."

Kweli walikuwa wamesikia. Walikuwa juu ya kingo, kundi lile lile na reki zile zile, na Mama Kasyoka na wanawake wake pembeni. Hakuna aliyeimba. Mwende alivuta wavu upande wa kijani, akahesabu kwenye hadubini, akaandika. Wengi wa mizizini, wa kuogelea wachache, kama mwanzo. Akauvuta upande wa wazi. Aliweka tone, akainama.

Alianza kuhesabu kwa sauti. Alifika kumi na saba, sauti ikapotea, vidole tu vikaendelea kugonga goti lake. Akabadilisha tone. Akabadilisha tena.

"Anti," akasema bila kuinuka. "Wale wenye jicho moja. Wamerudi. Wana mayai."

Niliinama kuangalia. Walikuwa wakirukaruka ndani ya duara wakigongana, mifuko imejaa, kama siku ya soko. Nikamshika bega.

Nilichojifunza ni kidogo na kinatosha: kwamba jani lile lilikuwa nyumba na kifuniko kwa wakati mmoja, na kwamba nilikuwa nimelipigia kelele bila kuinama kulitazama.

Mwende alifunga chupa ya mwisho, akaandika tarehe, akasimama. Musyoki alikuwa ameshavua kofia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mwenyekiti."

"Kwa hivyo tunaruhusiwa?"

"Mniachie ukingo ule mdogo pale kwenye mawe, kwa ajili ya wa mizizini. Kwingine kote ni kwenu."

"Litarudi?"

"Litarudi. Linashuka na mto kila siku."

"Basi na sisi tutarudi," alisema Musyoki, akageuka kwa watu wake. Wa Makueni waliingia majini kwa kelele, reki juu, na wa Kitui wakawafuata kabla hawajakaribishwa, Mama Kasyoka mbele akiuliza kama hivyo ndivyo kamba inavyoshikwa. Mwende alikunja suruali. Mimi nilivua viatu vyangu vizuri vya mjini, nikaviweka juu ya jiwe, nikaingia hadi magotini. Mwanamke mmoja akanipa shina la kwanza, zito, likitiririka, ndevu zake nyeusi zikining'inia. Nililitikisa mizizi mara tatu ndani ya maji, wa mizizini wabaki mtoni, kabla ya kumpokeza wa pili, na nikamwona naye anatikisa, na wa tatu, mstari mzima hadi juu ya kingo.